Bonyeza Mbili Uendelee Kusoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eliana alikwenda lamboni kuteka maji. Lambo la Mgungani lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe ndio waliofika kwanza. Waliingia mpaka magotini, wakanywa, wakakojoa, wakatoka. Kisha watu waliteka. Eliana alitandaza kipande cha kanga kuukuu juu ya mdomo wa ndoo ili kizuie takataka. Kitambaa kilizuia majani na viluwiluwi. Hakikuizuia rangi ya maji, iliyofanana na chai ya maziwa.

Wakati wa kurudi alipita kando ya bomba la mkono. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba tangu vipuri vya ndani vilipokatika, ili watoto wasiuchezee. Buibui alikuwa ametanda utando kwenye mdomo wa bomba.

Mgungani ni kitongoji cha wakulima wa alizeti na uwele, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka njia panda ya Mkiwa. Eliana alikuwa darasa la sita. Aliishi na Bibi Damari, mama wa mama yake, kwa sababu wazazi wake walifanya kazi Manyoni. Bibi Damari alikuwa na mtoto mwingine, Deo, mwenye duka la kutengeneza simu pale njia panda. Huyo ndiye mjomba wa Eliana.

Msimu ule watu wa Mgungani walikuwa na tumaini moja la kupata maji safi, nalo lilikuwa ndani ya simu.

Mwaka uliotangulia, mtandao wa kijamii unaoitwa Punje ulifika Mkiwa. Watu waliutumia kupeana habari: mvua imenyesha Mungaa, bei ya kitunguu imeshuka, ndama mwekundu amepotea. Mwenye simu kubwa aliona picha. Mwenye kitochi aliingia kwa kubonyeza nyota, namba na reli, akasoma maandishi tu. Kila aliyejiunga na kundi la Mkiwa alipewa punje ishirini. Hazikuwa punje za kushika mkononi. Zilikuwa hesabu iliyoandikwa kwa wakati mmoja kwenye kompyuta nyingi za nchi mbalimbali, kila andiko likiwa limefungwa kwenye lililotangulia kama pingili za mnyororo, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kufuta moja bila wengine kuona.

Habari ikipendwa, aliyeiandika alipata punje mpya, na aliyeipenda alipata kidogo. Lakini kupenda kwa watu hakukuwa sawa. Mwenye punje nyingi akibonyeza "napenda", zilizaliwa nyingi. Mwenye chache akibonyeza, zilizaliwa chache. Katika kura ilikuwa hivyo hivyo: kura ya mtu ilikuwa na uzito wa punje zake.

Wenye mtandao walikuwa wameahidi kulipia kazi moja katika kila kijiji, na wanakundi wangeichagua kwa kura. Mapendekezo ya kijiji cha Mkiwa, ambacho Mgungani ni kitongoji chake, yalikuwa mawili: kutengeneza bomba la Mgungani, au kuweka taa za sola kwenye maduka ya njia panda. Kundi lilikuwa na watu hamsini. Thelathini walitoka Mgungani.

"Thelathini kwa ishirini," Bibi Damari alisema, akicheka. "Hata mimi ambaye sikukaa darasani najua nani ameshinda."

Jumamosi moja Bibi alimtuma Eliana njia panda kupeleka kitochi chake kibadilishwe betri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanasayansi wangu," Deo alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyoifungua. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema betri haikai na chaji."

Deo alibadilisha betri. Kisha akavuta droo, akatoa simu kubwa iliyotumika, yenye ufa kwenye kona ya kioo, akaiweka juu ya meza.

"Watu wa Mgungani wamezilaza punje zao," alisema. "Hawaandiki, hawapendi, hawafanyi chochote. Zimekaa kama gunia stoo. Wakinikabidhi mimi, zitafanya kazi kila siku. Wakizitaka, zinarudi zote. Haipungui hata moja. Shida ni kwamba wengi hawajui kusoma vizuri, na mimi siwezi kuacha duka niwazungukie."

"Nani atawazungukia?"

"Anayeaminiwa. Anayesoma vizuri." Aliisukuma simu kidogo kuelekea kwake. "Ukimaliza kaya zote, hii ni yako."

Eliana aliitazama. Darasani kwake hakukuwa na mwenye simu kubwa.

"Na kura ya bomba, mjomba?"

"Kura ina siku yake. Siku ikifika tutaiangalia."

Eliana alianza na nyumbani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta uwele. Eliana alibonyeza nyota, namba na reli kwenye kitochi. Ukaja ujumbe: *Unakabidhi punje 20 kwa Deo. Punje zitabaki kuwa zako. Bonyeza 1 kukubali. Bonyeza 2 uendelee kusoma.*

Eliana alibonyeza mbili, maana shuleni alizoea kusoma swali mpaka mwisho. Ukurasa wa pili ulisema: *Uzito wa kura yako utahamia kwa uliyemkabidhi. Punje zitakazozaliwa zitakuwa zake. Ukitaka kurudishiwa utasubiri wiki moja. Bonyeza 1 kukubali. Bonyeza 0 kurudi.*

Aliusoma mara mbili. Ungo wa Bibi ulinyamaza.

"Mbona kimya? Simu imekufa tena?"

"Nasoma, Bibi."

"Inasemaje? Ni kama kuweka ng'ombe?"

Kuweka ng'ombe ni jambo ambalo kila mzee wa Mgungani analijua. Mtu asiye na malisho, au asiyetaka mifugo yake yote ife kwa ugonjwa mmoja, huweka ng'ombe wake kwa mwenzake. Mwenzake hunywa maziwa na kutumia samadi shambani. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Hata ikipita miaka mingi, hata kama walioagana wamekufa, watoto wao wanajua ndama yupi ni wa nani.

Eliana alijua kwamba ukurasa wa pili ulisema kinyume. Ndama hawakuwa wa mwenyewe, na kilichohama hakikuwa maziwa. Alijua pia kwamba Bibi akisikia neno kura atasema hapana, na Bibi akisema hapana, Mgungani nzima itasema hapana.

"Ndiyo, Bibi," alisema. "Ni kama kuweka ng'ombe."

"Basi weka. Deo ni mwanangu. Ng'ombe wangu hatakonda kwake."

Eliana alibonyeza moja.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Alipita nyumba kwa nyumba baada ya masomo, na kila mahali watu walimpa kitochi kabla hajamaliza kueleza. Damari amekubali? Basi na sisi. Hakuhitaji tena kubonyeza mbili. Alibonyeza moja, akashukuru, akaenda nyumba iliyofuata.

Jirani yao Magreth, ambaye watu wote walimwita Mama Klara, alikuwa anamwogesha binti yake kwenye beseni. Klara alikuwa na miaka miwili. Alimwona Eliana akapiga maji kwa viganja vyote viwili.

"We Klara, utamlowesha mwalimu wako!" Mama Klara alicheka. "Eliana, simu iko dirishani, fanya tu. Mimi mikono ina sabuni. Umenisomea yote?"

"Nimesoma."

"Haya mwanangu. Mungu akubariki, hatuna mwingine wa kutusomea."

Nje alimkuta Leah, rafiki yake, ambaye alikuwa amemfuata akiwa na ndoo kichwani.

"Wakala wa Punje huyo!" Leah alimtania. "Siku hizi unatembea kama karani wa sensa. Hebu niambie, ile namba mbili ina nini?"

"Namba mbili gani?"

"Jana nilikuona kwa babu. Iliandikwa bonyeza mbili uendelee kusoma. Hukubonyeza."

"Ni yale yale tu, yamerudiwa."

"Kama ni yale yale, kwa nini wameyaweka?"

"Leah, maji yako yanamwagika," Eliana alisema, akaongeza mwendo.

Alipomaliza kaya zote, Deo alimpa simu. Ilifanya kazi vizuri. Ule ufa wa pembeni haukuzuia chochote.

Siku ya kura, watu kadhaa walikuja uwanjani kwa Bibi Damari ili wapige kura pamoja. Andrea, mwenyekiti wa kitongoji, alisema ni vizuri jambo kama hilo lifanyike watu wakionana. Kila mmoja alichagua *Bomba*, kisha wakamwomba Eliana awaonyeshe matokeo kwenye simu kubwa.

Bibi Damari alibonyeza kitochi chake kwa kidole gumba, polepole, halafu akasogea kuangalia kioo.

"Nimepiga. Mbona haijapanda?"

Kioo kiliandika hivi. *Bomba: watu 28, uzito 0. Taa: watu 11, uzito 1640.*

"Onyesha tena," Andrea alisema. "Huo mtandao umekwama."

Eliana alifunga ukurasa, akaufungua. Namba zilikuwa zile zile.

"Sifuri maana yake nini?" Mama Klara aliuliza. Klara alikuwa amelala mgongoni kwake. "Watu ishirini na nane tumekuwaje sifuri?"

Eliana alijua jibu, akatazama chini.

Punje za wote zilikuwa kwa Deo, kwa hiyo jioni ile Andrea alimpigia, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Sikuiba kitu," Deo alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Taa zitafanya magari yasimame hapa hata giza likiingia. Watu watauza, na wa Mgungani watauza pia. Kanuni iko wazi, mwenyekiti. Soma ukurasa wa pili. Mama nitamletea maji, asiwe na wasiwasi."

Bibi Damari aliichukua simu mkononi mwa Andrea.

"Deo. Nilikupa ng'ombe. Sikukupa mdomo wangu."

Aliirudisha simu bila kusubiri jibu. Kesho yake bodaboda alifika na madumu mawili ya maji ya bomba la Mkiwa. Bibi alimwambia ayarudishe alikoyatoa. Kuhusu ukurasa wa pili hakuna aliyemuuliza Eliana; watu waliamini kwamba naye alidanganywa.

Taa za njia panda ziliwekwa kabla ya mavuno. Jua likizama, watu wa Mgungani waliziona kwa mbali, nyeupe, zimepangwa mstari mmoja. Nao waliendelea na lambo. Mvua zilipokatika, maji yalipungua na matope yakaongezeka, lakini ng'ombe hawakupungua.

Klara aliugua siku ya Jumatatu. Aliharisha, akatapika, akaharisha tena. Mama yake alimpa maji kila alipoomba, na maji aliyompa yalikuwa yale ya lambo, kwa sababu hakuwa na mengine. Siku hiyo hakuyachemsha. Kuni zilikuwa mbali, na mtoto alikuwa analia kwa kiu. Jumanne alimbeba mpaka zahanati. Nesi Cecilia aliukuta mwili wa mtoto umekauka, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikivutwa hairudi haraka. Alimpa maji ya dawa ya chumvichumvi, ile ya pakiti za zahanati, kwa kijiko, akaita gari la hospitali. Klara alifariki kabla gari halijafika.

Alizikwa nyuma ya nyumba yao, karibu na ukuta wa zizi. Nesi Cecilia alikuja msibani. Watu walipokaa, aliwaeleza wazi kwamba ugonjwa ule hutoka kwenye maji yenye kinyesi, kwamba kitambaa hakiuzuii, kwamba maji yachemshwe mpaka yatokote ndipo yanywewe, na kwamba mtoto akianza kuharisha apewe maji ya dawa ya chumvichumvi siku ile ile, isingojewe ya pili.

Eliana alikaa karibu na mlango. Watu waliingia kumpa pole mama wa mtoto, na kila mmoja alimwita Mama Klara. Hawakuwa na jina lingine walilozoea.

Aliporudi shuleni, Mwalimu Yasinta alikuwa anafundisha asilimia. Mwalimu Yasinta hakupenda mifano ya vitabuni kama kulikuwa na mfano ulio karibu. Aliandika ubaoni takwimu za kundi la Mkiwa, kwa sababu mtandao ule haukumficha mtu chochote. Yeyote aliweza kuona nani ana nini.

"Mwanzoni watu walikuwa hamsini," alisema, "kila mmoja ana punje ishirini. Jumla elfu moja. Watu thelathini wa Mgungani walikuwa na asilimia ngapi?"

"Sitini!" darasa lilijibu.

"Leo jumla imekua, ni elfu mbili. Mtu mmoja ana zake mia sita na arobaini. Watu kumi na tisa wa njia panda wana arobaini kila mmoja. Wa Mgungani?"

Leah alinyoosha mkono. "Ishirini ishirini, mwalimu. Kama mwanzo. Ila wamemkabidhi yule mtu mmoja."

"Kwa hiyo mia sita. Eliana, njoo. Mtu yule anapiga kura kwa uzito wa asilimia ngapi ya kundi zima?"

Eliana alichukua chaki. Mia sita na arobaini, jumlisha mia sita. Elfu moja mia mbili na arobaini, gawanya kwa elfu mbili. Aliandika 62%.

"Sawa. Sasa wa Mgungani wakirudishiwa punje zao zote leo, watakuwa na asilimia ngapi?"

Aliandika mia sita juu ya elfu mbili. Chaki ilisimama.

"Thelathini," alisema.

"Walikuwa na sitini. Wamepoteza punje ngapi?"

"Hawajapoteza hata moja, mwalimu."

"Hawajapoteza hata moja," Mwalimu Yasinta alirudia, akiligeukia darasa. "Andikeni hilo. Mtu anaweza kubaki na kila alichokuwa nacho, na bado nguvu yake ikapungua kwa nusu, kwa sababu vilivyozaliwa vyote vimekwenda kwa wengine. Ng'ombe amerudi, lakini zizi la ndama liko kwa jirani."

Kengele ililia. Wenzake walitoka. Eliana alibaki amesimama ubaoni.

"Shikamoo mwalimu," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba. Sema."

Alimwambia yote: ukurasa wa pili, swali la Bibi, jibu alilotoa, simu ya ufa, Mama Klara mwenye sabuni mikononi. Mwalimu Yasinta hakumpigapiga begani wala hakumkaripia. Alivuta kiti akakaa.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemuua Klara?"

"Tujibu kwa kile tunachokijua," Mwalimu Yasinta alisema. "Klara aliuawa na maji machafu. Hata kura ingekwenda vingine, hatuwezi kusema kwamba bomba lingekuwa tayari kabla ya Jumatatu ile. Huenda ndiyo, huenda hapana. Kwa hiyo hilo sitakuambia, wala usijiambie. Lakini lipo tunalolijua kwa hakika. Watu thelathini walikuwa na sauti, wakaipoteza kwa sababu ulinyamaza pale ulipotakiwa kusoma. Hilo ni lako. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umeniambia mimi. Lakini simu uliyobonyeza haikuwa yangu."

Mkutano wa kitongoji ulifanyika Jumapili mchana kwenye uwanja wa ghala la alizeti. Andrea aliwaita watu wazima wote wa Mgungani, na Deo aliitwa na mama yake. Alikuja, akasimama nyuma, ameegemea pikipiki.

Eliana alisimama mbele. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yalipotea, akasema yaliyobaki.

"Ukurasa wa pili ulikuwepo. Niliusoma kwa Bibi. Ulisema kura zenu zitahama na punje zitakazozaliwa hazitakuwa zenu. Bibi aliniuliza kama ni kama kuweka ng'ombe, nikasema ndiyo. Nilijua siyo. Kwenu wengine sikuufungua kabisa. Nilipewa simu." Aliitoa mfukoni, akatembea mpaka nyuma, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki ya Deo. Kisha akarudi mbele, maana hakujua mahali pengine pa kwenda.

Minong'ono ilianza. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba mtoto huyo acharazwe. Bibi Damari alisema neno kali kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia akikasirika au akisali, na yule mzee akanyamaza.

Mama Klara alikuwa amekaa chini, kanga imefunika kichwa. Aliinua uso, akamtazama Eliana.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, umenisomea yote?"

"Uliniuliza, mama."

Mama Klara aliivuta kanga kichwani. Alisimama, akaondoka taratibu kuelekea nyumbani kwake. Hakuna aliyemzuia.

Deo alikohoa. "Mwenyekiti, tusigeuze jambo. Mimi nilifuata kanuni. Kila mmoja alibonyeza moja."

"Ni kweli, ulifuata," alijibu Mwalimu Yasinta, aliyekuwa amealikwa. "Ulijua pia kwamba hawajaisoma, na ukamtuma mtoto wanayemwamini. Mambo yote mawili ni kweli, Deo. La kwanza halifuti la pili."

Andrea aliinua mkono kuomba utulivu.

"Hiyo kura imepita. Nimeuliza mjini, haifutiki. Na hata tukirudishiwa punje zetu, mwalimu ametuhesabia, tutakuwa nusu ya tulivyokuwa. Basi tusiingoje simu. Fundi wa bomba yupo Ikungi. Vipuri vinapatikana. Napendekeza kila kaya itoe debe la alizeti ya mavuno haya. Hapa hatupimi uzito. Hapa tunahesabu mikono. Anayekubali?"

Mikono iliinuka. Wa Bibi Damari, mwembamba, ulikuwa wa kwanza. Andrea alipita katikati ya watu akihesabu mmoja mmoja, bila kuruka.

"Asiyekubali?"

Deo, ambaye alizaliwa Mgungani na bado alikuwa na shamba pale, aliinua mkono wake.

"Mmoja," Andrea alisema, akaendelea na ajenda.

Juma lile Eliana alipita tena nyumba kwa nyumba. Alisoma ujumbe wa kurudishiwa punje neno kwa neno, ukurasa wa kwanza na wa pili, hata kwa waliosema hawana haja. Yule mzee aliyetaka acharazwe alimfanya asome mara tatu. Mlango wa Mama Klara ulikuwa umefungwa. Aligonga, akasubiri, akaondoka. Siku nyingine alirudi, ikawa vile vile.

Kila nyumba sasa ilikuwa na sufuria la maji yaliyochemshwa, limefunikwa. Baada ya mavuno fundi alikuja, akatoa mabomba ya chini yaliyokuwa na kutu, akabadilisha vipuri vilivyokatika, akafunga. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Fundi akasukuma mpini bila kupumzika mpaka yakawa meupe. Hakuna aliyeshangilia sana. Watu walipanga ndoo zao mstari.

Mwalimu Yasinta alikuwa amewaleta wanafunzi wa darasa la sita waone. Aliwakusanya kando ya bomba.

"Mmeona jinsi mpini unavyofanya kazi," alisema. "Sasa sikieni na hili. Wengi wenu ndio wasomaji wa nyumba zenu. Mtapewa simu, fomu, karatasi za dawa, mikataba ya mashamba, mtaambiwa, nisomee. Mtu anapokuambia hivyo amekuazima kazi ya macho yake. Macho hayachagui cha kumficha mwenyewe. Ukisoma nusu kwa sababu nusu nyingine haikufai wewe, umedanganya, hata kama kila neno ulilosema limo kwenye karatasi. Na usipoelewa ulichosoma, sema sijaelewa. Kusema hivyo si aibu. Kuficha ndiko kunakoua."

Wanafunzi waliandika. Eliana hakuwa na haja ya kuandika.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Mama Klara alifika na ndoo moja. Alisubiri zamu yake, akateka, akaiweka chini. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa kitochi.

"Zangu bado ziko kwa Deo," alisema. "Nisomee."

Eliana alikipokea kwa mikono miwili. Alibonyeza nyota, namba na reli, akasoma kwa sauti mpaka mstari wa mwisho.

"Umemaliza?" Mama Klara aliuliza.

"Bado, mama. Kuna ukurasa wa pili."

"Basi bonyeza mbili."